Nani Atatusomea Misri ya Kale?

Mazungumzo yetu leo yanahusu kazi ya kitaaluma ambayo haina idara yake katika vyuo vikuu vyetu hapa Kenya, wala mzazi hamtajii mwanawe anapomshauri asomee nini: kazi ya mtaalamu wa Misri ya kale. Huenda ukajiuliza inatuhusu nini. Basi shuka River Road, pale inapokutana na Latema na Accra Road, katikati ya magari ya abiria, maduka ya simu, gesti na wapiga chapa wadogo wa ghorofani. Kando ya njia, vitabu vikiwa vimetandazwa chini kwa ile biashara ambayo watu wa Nairobi huiita inama, si ajabu kukuta kijitabu chenye piramidi kwenye jalada kikikuambia kwamba kabila fulani lilitoka kwa Mafirauni. Hoja hiyo hiyo utaisikia kwenye mahubiri, kwenye video za simu na kwenye ubishi wa abiria gari likisubiri kujaa. Kwa hiyo swali la Misri tunalo, tena ni la watu wa kawaida kabisa. Tulichokosa ni mtu aliyesomea kulijibu. Nami nashikilia hivi: Misri ya kale si babu yetu wa kujivunia, wala si nchi ya mbali isiyotuhusu. Ni jirani aliyejua kuandika. Katika maandishi ya jirani huyo zimo habari za mto wetu, mvua yetu na watu wa kusini kwake, na madhali hatuna wa kuyasoma, tumewaachia wengine watusomee. Wakikosea, hatuna wa kuwajibu.

Tuanze na masimulizi yenyewe, maana hayakuzuliwa juzi. Mwaka 1967 Gideon Were alichapisha hapa Nairobi historia ya Abaluyia iliyojengwa juu ya mahojiano na wazee, na koo kadhaa zilimweleza kwamba chimbuko lao ni Misri. Madai kama hayo yako pia kwa Abagusii na kwa Wakuria. Mwaka 1972 William Ochieng' aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akiyahoji masimulizi haya ya Misri, na alikuwa na sababu. Ushahidi wa lugha unaonyesha kwamba chimbuko la lugha za Kibantu liko magharibi, karibu na mpaka wa leo wa Nigeria na Kamerun, wala si kwenye bonde la chini la Nile. Zaidi ya hayo, wazee waliohojiwa miaka ya 1960 walikuwa wamepitiwa na miongo kadhaa ya Jumapili za misheni, ambako safari ya Waisraeli kutoka Misri ilikuwa hadithi kuu ya watu waliotoka utumwani. Hata hivyo si haki kuyatupa masimulizi yote kapuni. Baadhi yanataja Mlima Elgon na njia ya kutoka kaskazini, na uhamaji wa kutoka kaskazini ulikuwepo kweli: Bethwell Ogot, katika historia ya Waluo aliyoichapisha mwaka huo huo wa 1967, aliwafuatilia hadi Sudan Kusini ya leo. Kwa hiyo ndani ya simulizi moja panaweza kuwa na tabaka la kumbukumbu ya kweli, na juu yake tabaka la Biblia. Kuyatenganisha matabaka hayo kunahitaji mtu anayeijua Misri yenyewe, si jina lake tu: anayejua Wamisri waliandika nini kuhusu majirani wa kusini, lini, na mipaka yao iliishia wapi.

Hasara ya kukosa mtu huyo imetupata kutoka upande mwingine pia, tena kwa uzito zaidi. Kabla kijitabu cha River Road hakijadai kwamba sisi ni Wamisri, wasomi wa Ulaya walikuwa wameshadai kwamba chochote kizuri kilichoonekana huku kililetwa na wageni kutoka kaskazini. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu chanzo cha Nile, aliwaona watawala wa falme za Maziwa Makuu kuwa kizazi cha wavamizi kutoka Ethiopia. Mwaka 1930 C. G. Seligman akaifanya dhana hiyo kuwa kanuni: ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamiti, yaani hao wageni wa kaskazini. Mwaka 1934 akaendelea kulinganisha ufalme wa Misri na falme za Waafrika weusi. Hapa Kenya, mtafiti Huntingford aliyaona mashimo ya mviringo na kuta za mawe za nyanda za juu za magharibi, na mwaka 1933 akayaeleza kuwa mabaki ya ustaarabu aliouita wa Azania, kana kwamba wenyeji wasingeweza kuyatengeneza. Ilibidi John Sutton afanye uchunguzi wa miaka mingi, uliotoka kitabuni mwaka 1973, kuonyesha kwamba yale mashimo, yaitwayo ya Sirikwa, yalikuwa mazizi ya ng'ombe, kazi ya wafugaji wa huku huku. Tazama jinsi makosa haya mawili yanavyofanana. Mwenye kijitabu anasema sisi ni wakuu kwa sababu tulitoka Misri. Seligman anasema ukuu wenu si wenu kwa sababu ulitoka kwa wageni wa kaskazini. Wote wawili wamekubaliana kwamba hapa petu palikuwa patupu. Anayejivunia piramidi, bila kujua, anamuunga mkono yule yule aliyemdharau babu yake.

Je, mtu aliyesomea Misri hatakuja huku kutafuta Misri kila mahali? Kwa jibu la vitendo, tuifuate kazi ya mtu mmoja. Peter Shinnie alizaliwa London mwaka 1915 na akasomea taaluma ya Misri ya kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikwenda Sudan, akawa mkuu wa idara ya mambo ya kale kuanzia 1948 hadi 1955. Kisha, mwaka 1956, akaja Uganda kushika kazi kama hiyo. Mwaka 1957 alichimba Bigo, karibu na Mto Katonga, penye mahandaki ambayo yakiunganishwa urefu wake unapita kilomita 10, mengine yakiwa yamekatwa ndani ya mwamba. Hapo ndipo mtaalamu wa Misri angeshawishika kusema kwamba kazi kubwa namna hii haikosi mkono wa Firauni. Ila kilichotoka ardhini kilikuwa vigae vya vyungu vilivyonakshiwa kienyeji na mifupa ya ng'ombe, dalili za jamii ya wafugaji wa eneo hilo hilo, karne nyingi baada ya Mafirauni kwisha. Shinnie alijua chungu cha Misri kinafananaje, na ndiyo maana aliweza kusema kwa uhakika kwamba hakipo. Baadaye alifundisha Ghana, halafu Khartoum, na kuanzia 1965 akachimba Meroe, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Kushi wenye malundo makubwa ya mabaki ya kuyeyushia chuma. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba Afrika nzima ilijifunza kufua chuma kutoka Meroe. Leo hoja hiyo haisimami, kwa sababu tarehe za tanuri za Buhaya, Tanzania, na za watu waliofinyanga vyungu vya Urewe, aina iliyopewa jina la mahali kule Siaya, hazikubali kuwekwa chini ya Meroe kama mwanafunzi chini ya mwalimu. Ili kulijua hilo ilibidi pande zote mbili zijulikane. Anayejua Siaya peke yake hawezi kukanusha habari za Meroe, na anayejua Meroe peke yake hana sababu ya kuitilia shaka.

Sasa nije kwenye lile neno langu la jirani aliyejua kuandika. Katika kisiwa cha Roda, Cairo, kuna kisima chenye nguzo ya kupimia maji ya Nile. Jengo lililopo ni la mwaka 861, na vipimo vilivyohifadhiwa vinaanzia mwaka 622. Kila mwaka viliandikwa viwango viwili: maji yalipokuwa chini kabisa, na mafuriko yalipofika kilele. Kilele hutegemea hasa mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Lakini kile kiwango cha chini, kabla mafuriko ya Ethiopia hayajashuka, hubebwa zaidi na Nile Nyeupe, yaani maji ya Ziwa Victoria na maziwa wenzake. Kwa maneno mengine, karani wa Cairo aliyeandika mwaka fulani kwamba mto umepungua sana alikuwa akiandika, bila kujua, habari za mvua iliyokosekana Kisumu, Bukoba na Jinja. Mwaka 1979, katika kitabu kilichohaririwa na J. B. Webster kuhusu uhamaji na ukame katika eneo la Maziwa Makuu, R. S. Herring alitumia vipimo hivyo kukadiria tarehe za njaa na safari zinazotajwa katika masimulizi ya wazee. Unaweza kubishana na tarehe moja moja, na wapo waliobishana, lakini njia yenyewe inatufundisha jambo kubwa: simulizi la mzee wa Nyanza na daftari la Cairo ni mashahidi wawili wa ukame mmoja. Na rekodi hizi hazikuanza na Uislamu. Jiwe linaloitwa la Palermo, lenye kumbukumbu za wafalme wa mwanzo kabisa wa Misri, linataja kimo cha mafuriko ya Nile mwaka baada ya mwaka, miaka zaidi ya 2,000 kabla ya Kristo. Nani katika Afrika Mashariki anaweza kulisoma jiwe hilo mwenyewe, badala ya kutegemea tafsiri ya tafsiri?

Kuna atakayenipinga hivi: tuna mabaki yetu wenyewe, tena mengi, na vijana wachache wanaosomea akiolojia wanahitajika huko. Pingamizi hili ni zito na nalikubali nusu. Mabaki yetu ndiyo yaje kwanza. Lakini chukua mfano wa Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na katikati yake wakachimba mahali pa kuzikia wafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na kundi lililoongozwa na Elisabeth Hildebrand ulikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa humo: wanaume, wanawake na watoto, wazee kwa vijana. Karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi na meno ya kiboko, na mmoja alikuwa na kilemba kilichopambwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna kaburi lililojitenga na kusema huyu ndiye bwana. Piramidi kuu ya Giza ilijengwa ndani ya kipindi hicho hicho, na yenyewe ni kaburi la mfalme mmoja. Pande mbili za bara moja zilikabiliwa na kukauka kwa tabianchi, na zote mbili zikajenga mnara. Moja ikajenga kwa ajili ya mtu mmoja, nyingine kwa ajili ya watu wote. Hiyo ndiyo sura ya historia ambayo Mkenya angepaswa kuijua kabla ya kununua kijitabu cha piramidi. Lakini ulinganisho huo hautaandikwa ipasavyo na anayejua upande mmoja tu. Kumsomesha mtu Misri ni kuipa Turkana mizani ya kupimiwa, na hakuiibii mtafiti.

Mwingine atasema taaluma yenyewe ni ya kikoloni, imejengwa juu ya makaburi yaliyovunjwa na makumbusho ya London, Paris na Berlin. Ni kweli. Lakini tazama jinsi Waafrika waliotaka kubishana nayo walivyofanya. Mwanzoni mwa 1974 UNESCO iliitisha kongamano Cairo kuhusu asili ya watu wa Misri ya kale na kuhusu maandishi ya Meroe. Cheikh Anta Diop wa Senegali na Théophile Obenga wa Kongo Brazzaville walifika na maandishi ya Kimisri, mifano ya sarufi na data za lugha. Wengi hawakukubaliana nao, na hata leo baadhi ya hoja za Diop zina upungufu. Lakini ripoti ya kongamano ilikiri kwamba si washiriki wote waliokuja na maandalizi ya kina kama ya hao wawili. Heshima hiyo haikutokana na rangi yao wala na kelele, ilitokana na kuimudu zana ya wapinzani wao. Katika orodha ya washiriki Shinnie yumo; hayumo Mkenya, Mganda wala Mtanzania. Kinachochoma zaidi ni kwamba kamati ya kimataifa ya UNESCO iliyosimamia uandishi wa Historia Kuu ya Afrika iliongozwa na Mkenya, Bethwell Ogot, kuanzia 1978 hadi 1983, na buku la pili lenye habari za Misri lilitoka mwaka 1981, katika kipindi chake. Mzanzibari Abdul Sheriff aliandika humo sura ya pwani yetu. Sura za Misri ziliandikwa na wengine. Tulikalia kiti cha mwenyekiti bila kuwa na mwandishi wa sura za Misri.

Na hayo maandishi ya Meroe yana fursa ambayo hatujaiona. Herufi zake 23 zilitambuliwa matamshi na Francis Llewellyn Griffith mwaka 1911, lakini maana ya maneno mengi haijulikani hadi leo. Mfaransa Claude Rilly ameonyesha kwamba lugha hiyo ni ya kundi la Sudani Mashariki la kaskazini, pamoja na Kinubi cha kando ya Nile. Katika ukoo huo mkubwa wa Sudani Mashariki zimo pia, kwa mbali, Dholuo, Kikalenjin na Kimaasai. Nasema kwa mbali ili kesho kusiwe na kijitabu River Road kinachodai kwamba Malkia wa Meroe alizungumza Kinandi. Mzungumzaji wa Kikalenjin hawezi kuamka tu asubuhi akasoma jiwe la Meroe. Lakini akifundishwa isimu linganishi, akajua kupanga sauti kwa sauti na kiambishi kwa kiambishi, ataleta mezani sikio ambalo mwanafunzi wa Paris hulitafuta vitabuni kwa miaka.

Inabaki hoja ya pesa na ajira, na hapa tusidanganyane. Njia ya mtaalamu wa Misri ni ndefu. Kuna alama zaidi ya 700 katika orodha ya kawaida ya hieroglifu, kuna mwandiko wa haraka wa makarani, kuna Kikopti, kuna Kiarabu cha kuishi na kufanya kazi na watu. Kuna pia Kijerumani na Kifaransa, kwa sababu kamusi kubwa ya taaluma hiyo ni ya Berlin na ripoti nyingi za uchimbaji ni za Wafaransa. Katika nchi ambayo Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza mwaka 2024 kwamba imebaini vyeti bandia zaidi ya 2,000, na ambayo jina la River Road limekuwa mzaha kila vyeti vya kuchapwa alasiri moja vinapotajwa, elimu ya aina hii ina fadhila yake ya pekee: haighushiki. Unawekewa maandishi mbele, unasoma au unashindwa. Kuhusu gharama, sipendekezi idara nzima. Napendekeza nafasi moja ya uhadhiri wa bonde la Nile la kale katika idara ya historia na akiolojia iliyopo tayari, na ufadhili wa wanafunzi wawili watatu kwenda Cairo badala ya Ulaya. Anayesema nchi changa haiwezi atazame Ghana: miaka michache baada ya uhuru, kati ya 1961 na 1964, Chuo Kikuu cha Ghana kilichimba Debeira Magharibi, kule Nubia ya Sudan, kabla bwawa la Aswan halijazamisha eneo lile. Atazame Misri pia: kule Kiswahili kinafundishwa Al-Azhar na Ain Shams, na Redio Cairo ilikuwa ikitutangazia kwa Kiswahili tangu miaka ya 1950. Wamisri walitambua zamani kwamba jirani wa juu ya mto anafaa kusomwa. Sisi tunajadiliana nao kuhusu maji hayo hayo, chini ya kivuli cha mkataba wa 1929 uliotiwa saini kwa niaba yetu bila kuulizwa, na ile hoja yao ya haki ya kihistoria juu ya Nile tunaipokea bila kuwa na msomi wetu wa historia hiyo.

Tena wakati hautusubiri. Tangu Aprili 2023 Sudan imo vitani. Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa, na wasomi wake wametawanyika, wengine wakiwa wakimbizi katika nchi jirani. Nairobi ina makumbusho juu ya Museum Hill, ina maktaba ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki kule Kileleshwa, ina Chuo Kikuu ambacho kutoka River Road unafika kwa miguu. Chuo kilichokuwa na busara kingewaalika baadhi ya Wasudani hao wafundishe hapa leo, wakati wanatafuta pa kufundishia. Kwa hatua hiyo moja, kizazi cha kwanza cha wanafunzi kingeanza bila kupanda ndege.

Wako watakaoona kwamba msomi wa namna hii atawavunja moyo watu wanaojivunia asili ya Misri. Huenda ikawa hivyo kwa siku chache. Lakini mtu anayeuliza alikotoka hajaomba sifa, ameomba jibu, na aliyekaa chini ya kibanda cha River Road ana haki ya jibu lenye ushahidi sawa na aliyekaa kwenye ukumbi wa mihadhara. Jibu la kweli, msikilizaji, linampa kingi kuliko kijitabu: kwamba chuma chake kilifuliwa huku, mazizi yake yalichimbwa na babu zake, makaburi yake ya Turkana ni rika la piramidi, na mvua ya ziwa lake iliandikwa Cairo kwa zaidi ya miaka 1,000. Vyuo vyetu vikiendelea kuliona jambo hili kuwa anasa, wapiga chapa wa ghorofani wataendelea kulijibu wao, nasi tusiwalaumu, kwa maana wao angalau walilisikia swali.